Mwanangu amekata ncha za hoho zangu: niendelee au niache?

SWALI

Bibi Shamba,

Pokea salamu kutoka Kibosho. Mimi ni mwalimu mstaafu, na tangu niliporudisha chaki nimekuwa nikilima bustani ndogo pembezoni mwa kihamba chetu, yaani shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, mahali palipokuwa na mibuni ya marehemu baba iliyozeeka hata ikakoma kuzaa. Tunapata maji ya mfereji kwa zamu mara mbili kwa wiki, na samadi ya ng'ombe wawili tulio nao inatosha.

Mwaka huu niliamua kulima pilipili hoho kwa ajili ya mwezi wa Desemba. Anayeijua Moshi anajua mwezi huo ulivyo: ndugu zetu waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko wanarudi nyumbani, kila boma lina sufuria la pilau jikoni, na hoho zinazoshushwa sokoni Mbuyuni asubuhi hazifiki jioni. Nilisia mbegu mwanzoni mwa Agosti na kuhamishia miche shambani tarehe 18 Septemba, mistari 12 yenye miche 40 kila mmoja, kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 45 kati ya mche na mche. Ukingoni, karibu na migomba, nilipanda pia miche 50 ya pilipili mbuzi, ambayo mke wangu huwauzia majirani.

Tarehe 6 Oktoba nilikwenda msibani Machame. Niliporudi jioni nilikuta kijana wangu wa mwisho amekata ncha za miche yote ya mistari mitatu ya kwanza, yaani miche 120, kwa kisu cha jikoni, akisaidiwa na kibarua wetu ambaye sigara haimtoki mdomoni. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu na majani yalikuwa yamelowa. Kijana alinieleza kwamba ameona kwenye simu mkulima wa Marekani akifanya hivyo hivyo, na kwamba mche uliokatwa ncha huzaa mara mbili ya ule ulioachwa. Nilimfokea mbele ya mama yake, na tangu siku hiyo hajakanyaga bustanini.

Leo ni siku ya kumi. Miche iliyokatwa ilibakiwa na majani matano au sita, na sasa inachipua kwenye makwapa ya majani hayo. Lakini katika mstari wa pili kuna miche saba ambayo majani yake machanga yamekuwa na mabaka ya kijani kilichopauka na kijani kilichokolea, tena yamejikunja. Mistari tisa ambayo haikuguswa imefikia kimo cha shubiri moja na zaidi kidogo, na mingi imeanza kutoa ua la kwanza pale shina linapogawanyika. Hapo nako nyumba imegawanyika, kwa kuwa mke wangu anayatoa maua hayo kwa vidole, akisema ndivyo alivyofundishwa na kikundi chao cha akina mama, nami moyo unaniuma kwa sababu kila ua ni hoho ambayo ningeiuza.

Naomba unieleze, Bibi Shamba: je, kijana ameniharibia zao? Je, nikate na mistari iliyobaki ili shamba lote lilingane? Je, maua yatolewe au yaachwe? Na hiyo miche saba ina nini?

Mwalimu mstaafu,
Kibosho, Moshi

JIBU

Shikamoo Mwalimu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na nakushukuru kwa kuandika tarehe, nafasi na hesabu ya miche, kwa sababu bila hayo ningelazimika kukujibu kwa kubahatisha. Nitaanza na swali uliloliweka mwisho, kwa kuwa ndilo lisiloweza kusubiri hata wiki moja.

Miche saba yenye mabaka ya kijani cha aina mbili inaelekea kuwa na batobato, ugonjwa unaoletwa na virusi. Hata hivyo, kabla ya kuihukumu, geuza majani yake na uangalie upande wa chini. Ukikuta vidukari, yaani wale wadudu laini wanaojazana kwenye majani machanga na kuyaachia utomvu unaonata, au ukikuta jani limejikunja kuelekea juu na lina michirizi ya rangi ya fedha iliyoachwa na vithiripi, vijidudu vyembamba vinavyofyonza jani, au jani changa limekuwa jembamba, gumu na lenye rangi ya shaba kwa sababu ya utitiri, basi kujikunja huko kunaweza kuwa kazi ya wadudu peke yao, na mmea ukihudumiwa utapona. Lakini mabaka ya kijani kilichopauka na kilichokolea yaliyochanganyika katika jani moja hayaletwi na kujikunja. Kama hayo ndiyo unayoyaona, uwe na wadudu au usiwe nao, mmea huo hauna dawa. Hakuna dukani kitu cha kunyunyizia kinachotibu virusi vya mmea, na atakayekuuzia chupa kwa ahadi hiyo atakuwa amekula fedha yako bure.

Miongoni mwa virusi vya batobato kuna aina inayoitwa virusi vya batobato ya tumbaku, na hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi nikisoma habari za kibarua wako. Virusi hivi ni vigumu kufa. Vinaweza kubaki hai ndani ya tumbaku iliyokwisha kukaushwa na kusokotwa kuwa sigara, vikashika kwenye vidole vya mvutaji, na kutoka hapo vikaingia katika mche kupitia kidonda kidogo sana, hata kile kinachotokana na kuvunjika kwa vinyweleo vya jani. Kisu kikishakata mche mmoja wenye ugonjwa hubeba utomvu wake kwenda kwa mche unaofuata. Siwezi kuapa kwamba hivyo ndivyo ilivyotokea kwako, kwa kuwa mbegu na vidukari pia huweza kuleta virusi, lakini ugonjwa uliojitokeza ndani ya mistari iliyokatwa, siku kumi baada ya kukatwa, unanifanya nikielekeze kidole kwenye kisu na mkono kabla ya kitu kingine.

Kwa hiyo chukua mfuko, uing'oe miche hiyo saba pamoja na mizizi yake huku ukiifunika ili isiguse jirani zake, uitoe shambani na kuichoma. Usiitupe kwenye shimo la mboji. Katika mashimo yake usipande mche mwingine wa hoho msimu huu, wala nyanya, bilinganya au viazi mviringo, ambavyo ni ukoo mmoja na hoho. Panda maharage au uache wazi. Kuanzia sasa, kila anayeingia bustanini kugusa miche anawe mikono kwa sabuni kwanza, na anayevuta sigara au kunusa ugoro anawe mara mbili na asivute akiwa kazini. Kwa kuwa mna ng'ombe, nitakuongezea jambo ambalo wakulima wengi hulishangaa: maziwa yaliyoondolewa mafuta, yakipakwa mikononi na kwenye kisu, huvizuia virusi hivi visiambukize, kwa sababu protini ya maziwa huvifunika. Kama hayapo, chovya kisu katika mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa ya kufulia yenye klorini na sehemu tisa za maji, kisha kisuuze. Tena kila siku anza kazi kwenye mistari mizima na umalizie na mstari wa pili, kwa maana inawezekana kabisa kwamba miche mingine ya mstari huo imekwisha kuambukizwa na bado haijaonyesha dalili.

Niseme pia juu ya manyunyu. Kukata mimea ikiwa imelowa ni kosa ambalo nimelikuta katika bustani nyingi za huku juu mlimani, kwa sababu watu wanapenda kazi ya asubuhi mapema kabla jua halijakaza. Maji yaliyo juu ya jani hubeba bakteria wa madoa na kuwaingiza katika kidonda kilicho wazi. Subiri umande ukauke, pengine hadi saa nne, kisha ukate, ili kidonda kipate jua la mchana na kifunge kabla ya usiku.

Sasa nirudi kwenye ncha zenyewe. Kijana wako hakudanganywa, ila alichokiona kilifanyika mahali penye shida ambayo wewe huna. Huko Marekani na Ulaya ya kaskazini, mtu anayetaka pilipili wakati wa kiangazi chao husia mbegu ndani ya nyumba kungali na baridi kali, mwezi wa Februari au Machi, kando ya dirisha au chini ya taa. Mwanga ni hafifu, na miche inarefuka ikiutafuta, ikawa myembamba kama uzi. Mkulima huikata ncha ili irudi chini na kunenepa, na kwa kuwa bado ana wiki nyingi za kusubiri kabla ya kuipanda nje, kuchelewa hakumgharimu kitu. Miche yako imekulia chini ya jua la Kilimanjaro na imekwisha kuzoea udongo wa shamba, tena una tarehe ambayo ni lazima uifikie.

Kuna jambo la pili, nalo nadhani wewe kama mwalimu utalipenda, maana linaeleza kila kitu kuhusu ukataji wa hoho. Mmea wa hoho hujigawa wenyewe. Huanza kwa shina moja, ukatoa majani yapatayo nane hadi kumi na mawili, kisha shina hilo linamalizikia katika ua, na pale pale penye ua linagawanyika kuwa matawi mawili, wakati mwingine matatu. Kila tawi hutoa jani moja au mawili, likamalizikia nalo katika ua, likagawanyika tena, na kuendelea hivyo hivyo hadi mwisho wa maisha yake. Mahali pa mgawanyiko tunapaita panda, na kila panda ina ua lake. Hii ina maana kwamba matawi ambayo kijana alitaka kuyapata kwa kisu yalikuwa yanakuja yenyewe, tena yakiwa na maua tayari. Ncha ya mche hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo hushuka kwenye shina na kuyazuia machipukizi ya chini yasiamke; ukiiondoa ncha, machipukizi hayo huamka, lakini yanapaswa kwanza kukua, kutoa majani yake, na kufika kwenye ua lake la kwanza. Ndiyo sababu mche uliokatwa huchelewa kwa wiki mbili au tatu, na kwa baridi ya usiku wa Kibosho nisingeshangaa ukichelewa zaidi.

Hesabu za Desemba ni hizi. Ua la hoho linalofunguka leo linahitaji takriban wiki tano hadi saba mpaka liwe tunda kubwa la kijani lililokomaa, na huko mlimani uhesabu saba. Maua yatakayofunguka kati ya sasa na tarehe 25 Oktoba yatakupa hoho za kijani kati ya mwanzo wa Desemba na katikati yake, ambapo ndipo unapozitaka. Mistari tisa isiyoguswa iko katika wakati huo barabara. Ukiikata sasa, maua yake yatafunguka mwezi wa Novemba ukiwa umekwenda sana, na utavuna wakati wageni wamekwisha kupanda mabasi kurudi mjini. Basi usiikate. Shamba kulingana si hoja, kwa kuwa hoho hailingani na mstari wa jirani yake. Inalingana na siku yake sokoni.

Kuhusu madai ya kuzaa mara mbili, ni kweli kwamba matawi mengi huleta maua mengi, lakini mizizi ni ile ile, maji ya mfereji ni yale yale, na jua halikuongezeka. Kwa hoho, ambayo mnunuzi huitazama kwa ukubwa na kuta zake nene, mmea uliolazimishwa kuwa na matawi mengi kutoka chini mara nyingi hutoa matunda mengi kuliko ilivyokuwa, lakini madogo, na wachuuzi wakichambua hayo madogo hukupa bei ya pembeni.

Je, mistari mitatu imeharibika? La, haikuharibika, imeahirishwa. Kwa bahati nzuri kijana aliacha majani matano au sita, na hayo yanatosha kuulisha mche unapojijenga upya. Wakati machipukizi yatakapofikia urefu wa kidole, chagua matatu au manne yenye nguvu, yaliyotoka pande tofauti na yaliyo juu zaidi, kisha ondoa mengine yote kwa vidole. Usiyaache yote eti kwa kuwa yametoka, maana hapo ndipo mche hugeuka kichaka ambacho ndani yake jua haliingii na ukungu haukauki. Mistari hiyo itaanza kukuzalia Januari. Kwa kweli mimi nisingeihuzunikia sana, kwa sababu mkulima anayevuna kila kitu katika wiki mbili hubaki mikono mitupu mwezi unaofuata, na ada za shule hulipwa Januari.

Sasa ua la kwanza. Mama yuko sahihi, Mwalimu, na nakuomba umwachie kazi hiyo. Ua lile linalokaa katika panda ya kwanza likishika tunda, tunda hilo huwa mnyonyaji mkubwa kuliko sehemu zote za mche, na sukari inayotengenezwa na majani huenda kwake badala ya kwenda kwenye mizizi na matawi mapya. Mche wa shubiri moja unaobeba tunda husimama kukua. Isitoshe, tunda hilo likinenepa hubanwa katikati ya matawi mawili, likatoka limepinda, na likizidi sana huyapanua matawi hata yakapasuka panda yenyewe, kwa kuwa mti wa hoho ni mwepesi kuvunjika. Kwa hiyo unapoliona ua moja likitolewa, fikiri kwamba linatolewa ili mapanda mawili na manne yanayofuata yapate chakula.

Hata hivyo mpaka wake uwepo. Kwenye miche yenye nguvu, yenye majani mapana na shina nene kama penseli, mama atoe ua la panda ya kwanza tu na kuishia hapo. Kwenye miche dhaifu, atoe pia mawili ya panda zinazofuata. Baada ya tarehe 25 Oktoba asitoe ua lolote, hata kama mche unaonekana mdogo, kwa maana kuanzia hapo kila ua litakalotolewa ni tunda la sikukuu linalopotea. Kazi hii haihitaji kisu. Ua hushikwa kwa kucha mbili kwenye kikonyo chake na kuvunjwa kwa upande, na likiwa bado halijafunguka ni bora zaidi.

Kazi ambayo hukuiuliza, na ambayo kwangu ina faida kuliko ubishi wote wa ncha, ni kuondoa machipukizi yanayoota kwenye shina chini ya panda ya kwanza. Pale ambapo jani linaungana na shina hutokea kijichipukizi kinachotaka kuwa tawi. Yakiachwa, machipukizi haya hutambaa karibu na udongo, huzaa matunda yanayogusa tope, na mvua za vuli zinapoanza kupiga, matone hurusha udongo wenye vimelea juu ya majani yake, na ugonjwa huanzia hapo kupanda juu. Yatoe yakiwa na urefu wa sentimita tatu hadi tano, kwa kuyasukuma upande kwa kidole gumba, na uyaache majani yenyewe ya shina mahali pake. Wengi huchanganya mambo haya mawili. Jani si chipukizi. Majani ya shina bado yanalisha mche, na yataondolewa baadaye tu, yale mawili au matatu yanayogusa udongo, mmea ukishafika magotini.

Nasisitiza habari ya majani kwa sababu nimeona hasara yake. Miaka michache iliyopita mkulima mmoja wa upande wa Himo, mtu mwenye bidii sana, aliyapunguza majani ya hoho zake mwezi wa Januari ili, kama alivyosema, matunda yapate jua. Nilipofika, upande wa magharibi wa matunda yake ulikuwa na mabaka meupe yaliyonyauka kama karatasi, na mengine yalikwisha kuingiwa na ukungu mweusi juu ya mabaka hayo. Yalikuwa yameungua. Hoho haihitaji jua kulipiga tunda. Inahitaji jua lipige jani, na jani lilifunike tunda. Kwako Kibosho kuna mawingu na migomba inayotoa kivuli, lakini Januari na Februari jua la mchana hukaza hata huko. Hivyo, kwa siku moja usiondoe zaidi ya robo ya majani ya mmea wowote, na yale yaliyo juu ya matunda usiyaguse.

Pengine utasikia kwamba wakulima wenye vitalu nyumba hubakiza matawi mawili tu kwa kila mmea na kuondoa mengine kila wiki. Ni kweli, lakini mimea yao ni ya aina ndefu za mahuluti, hufungwa kwa kamba zinazoning'inia kutoka darini, hulishwa kwa maji ya matone yenye mbolea, na huachwa mpaka tunda liwe jekundu au la manjano, jambo linalohitaji wiki tatu hadi nne zaidi baada ya kukomaa likiwa kijani. Hoho ya nje, kama yako, iachie mapanda yake.

Ukishaondoa machipukizi ya chini, mmea utakuwa na kichwa kizito juu ya mguu mwembamba, kwa hiyo usimike fito za kuutegemeza kabla mvua za vuli hazijashika. Fito za urefu wa mita moja zinatosha. Zichomeke upande wa upepo, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina ili usikate mizizi, na ufunge kwa kamba ya mgomba iliyolainishwa kwa maji, ukiizungusha kama tarakimu ya nane ili shina lisisuguane na fito. Majani makavu ya migomba uyatandaze chini yawe matandazo, lakini yasiguse shina. Matandazo hayo yatakusaidia pia katika tatizo la zamu ya maji, kwa kuwa udongo unaokauka kabisa na kisha kulowa ghafla huufanya mmea ushindwe kuifikisha kalsiamu kwenye tunda, na tunda huoza kitako ingawa udongo wako una kalsiamu ya kutosha.

Mbolea nitaipita kwa haraka. Una samadi, na hiyo ni nusu ya kazi. Miche ikiwa na wiki nne shambani, kama ilivyo sasa, mbolea ya naitrojeni iitwayo CAN, kiasi cha kizibo kimoja cha soda kwa kila mche, kikizungushwa umbali wa kiganja kutoka kwenye shina na kufukiwa, kinatosha kwa mistari tisa. Mistari mitatu iliyokatwa ipe kiasi hicho hicho, usiizidishie kwa kuihurumia, maana naitrojeni nyingi italeta majani ya kupendeza bila maua.

Wakati wa kuvuna, tumia kisu au mkasi, ukate kikonyo na usivute tunda, kwa sababu nimeona matawi mengi zaidi yakivunjika kwa mikono ya wavunaji kuliko kwa upepo. Kila hoho ya kijani unayoiondoa kwa wakati wake huuruhusu mmea ufungue maua mengine, na kwa maana hiyo kuvuna mapema ndiko kunakoongeza mazao kwa njia ambayo kijana alikuwa akiitafuta.

Imebaki miche 50 ya pilipili mbuzi. Hiyo ni habari nyingine. Matunda yake ni madogo, bei yake inategemea wingi na ukali kuliko ukubwa, haina tarehe ya sikukuu ya kuiwahi, na katika nchi isiyo na baridi ya kuua mimea inaweza kukaa shambani miaka miwili au mitatu ikizaa, kwa hiyo wiki tatu za kuchelewa si kitu kwake. Faida ya kukata ncha, kama ipo, huonekana zaidi kwenye pilipili za namna hii. Basi mwite kijana wako, umwambie kwamba miche hiyo ni yake. Akate ncha za 25, juu ya jani la sita, saa nne asubuhi, siku kavu, kwa wembe uliochovywa kwenye dawa baada ya kila mche, mikono ikiwa imenawiwa na kibarua akiwa mbali. Nyingine 25 aziache zilivyo. Kisha ampe mama yake daftari, na kila mara mama anapochuma, ahesabu vikombe vya upande huu na vya upande ule. Mwezi wa Machi nitapenda kuona daftari hilo, na nitaomba aniandikie kijana mwenyewe.

Bibi Shamba